Jina la Kikazaki linavyosomwa, kuanzia Itbai hadi Qudaibergen

Mwimbaji Dimash Qudaibergen alizaliwa mwaka 1994 huko Aqtöbe, magharibi mwa Kazakistani. Baba yake anaitwa Qanat Aitbaev, mama yake Svetlana Aitbaeva, na jina lake la cheti si Dimash bali Dinmukhamed. Yaani ndani ya nyumba moja baba ana jina la ukoo hili, mama analo lile lile likiwa na herufi moja ya ziada, mwana ana jingine kabisa, na jina linalojulikana dunia nzima halimo kwenye hati. Hakuna aliyeasiliwa wala aliyeficha kitu. Qudaibergen ni jina la babu, Aitbai ni la mzee aliyetangulia zaidi, na Dimash ni kifupisho cha mapenzi. Mkazaki akiusikia mpangilio huo haulizi swali lolote.

Anayetoka nje ya utamaduni huo kwa kawaida hukimbilia orodha ya maana: Aigul ni ua la mwezi, Temir ni chuma, basi. Orodha za namna hiyo hazidanganyi, ila humwacha msomaji nusu ya njia. Ataelewaje mtoto anayependwa kuliko wote kupewa jina linalomaanisha mbwa? Cha kuuliza kwanza ni jina hilo lilikuwa likimwambia nani. Majina mengine ya Kikazaki yanamtakia mema mtoto mwenyewe, mengine yanazungumza na Mungu, mengine yanahadaa mauti, na mengine yaliandikwa ili kumridhisha karani wa serikali.

Neno kuhusu tahajia kabla ya kuendelea. Kikazaki bado kinaandikwa kila siku kwa alfabeti ya Kikirili yenye herufi 42. Katika maelezo haya, q ni k inayotamkwa nyuma kabisa ya mdomo, gh ni ile ya "ghali", zh iko karibu na j laini, na y iliyo katikati ya neno ni i fupi na nzito.

Vipande na viambishi

Jina la kawaida la Kikazaki lina vipande viwili. Vya mwisho vinavyojirudia kwa wanaume ni bai (tajiri), bek (bwana), khan (mtawala) na zhan (roho, mpenzi). Kwa wanawake ni gul (ua), sulu (mrembo), ai (mwezi) na nur (nuru), ingawa ai na nur hukaa pia mwanzoni, na nur na zhan ni za jinsia zote. Ukizichanganya unapata Aigul, Aisulu, Ainur, Aizhan, Nurbek, Nurzhan, Temirkhan, Bekzhan. Familia nyingi hupenda ndugu wafanane kwa mlio: Marat, Murat na Sanat nyumba moja, au mabinti watatu wote wanaoanza na Ai.

Kosa la kawaida hapa ni kutafsiri kipande cha pili kana kwamba kina uzito sawa na cha kwanza. Zamani bai, bek na khan vilikuwa vyeo halisi. Leo ni mapambo ya kulikamilisha jina la kiume, na Zhumabai ni "Juma" tu. Si "tajiri wa Ijumaa".

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mrusi au Mwingereza hana, kwa sababu Uislamu na biashara vilisambaza maneno ya Kiarabu na Kiajemi pande zote mbili, pwani ya Afrika Mashariki na nyika za Asia ya Kati. Baqyt, jina la kike na la kiume, ni bahati yetu. Murat ni muradi. Däulet ni ndugu wa dola, kwa maana ya utajiri na enzi. Marzhan ni marijani. Majina ya Kiislamu yenyewe yapo tele, ila yamegeuzwa ili yakae vizuri mdomoni mwa Mkazaki, kwa kuwa Kikazaki cha asili hakikuwa na sauti ya f wala h. Ibrahimu akawa Ybyrai, Fatuma akawa Batima, Hassan na Hussein wakawa Asan na Üsen. Yusufu aligeuka zaidi: y ikawa zh, f ikawa p, akawa Zhüsip. Muhammad ana sura nyingi, zikiwemo Mukhambet, Maqambet na Mämbet. Asan na Üsen huwa mapacha wa kiume, sawa na ilivyo kwenye familia nyingi za pwani yetu.

Siku za juma pia ni chanzo kikubwa cha majina, na hapa mfanano unafurahisha. Sisi tunahesabu siku kuanzia Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, na kuendelea. Wakazaki walichukua hesabu ya Kiajemi inayoanza baada ya Jumamosi: senbi ni Jumamosi, kisha "moja baada ya senbi", "mbili baada ya senbi", mpaka tano, ambayo ni Alhamisi. Ijumaa ni zhuma. Humo ndimo walimotoka Düisenbai wa Jumatatu, Seisenbai wa Jumanne, Särsenbai wa Jumatano, Beisenbai wa Alhamisi, na Zhumabai au Zhumabek ambaye kwetu angeitwa Juma bila mjadala. Aliyezaliwa mwezi wa mfungo ni Orazbai au Orazbek, aliyezaliwa Idi ni Aitbai, na wa mwaka mpya wa tarehe 21 au 22 Machi ni Nauryzbai. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake: Boranbai alizaliwa kwenye dhoruba ya theluji, Zhangbyrbai kwenye mvua. Mtu anayewajua kina Chausiku na Masika hahitaji maelezo zaidi.

Yapo pia majina ya hesabu yanayowachanganya wageni: Elubai (hamsini), Alpysbai (sitini), Zhetpisbai (sabini), Seksenbai (themanini), Toqsanbai (tisini). Namba hiyo ni umri wa baba, na mara nyingi zaidi wa babu, siku mtoto alipozaliwa. Ukikuta Seksenbai kwenye nasaba, umepata taarifa kwamba babu (au baba) alifika miaka 80 akiwa hai. Kwa mtafiti wa ukoo hicho ni kipimo cha muda cha bure.

Majina yanayohadaa mauti

Sehemu hii ndiyo inayokosewa zaidi. Orodha ya majina ya kale ya Kikazaki ina Itbai (it ni mbwa), Küshikbai (mtoto wa mbwa), Tezek (kinyesi kikavu cha mifugo, kile kinachochomwa kama kuni nyikani), Zhamanbai na Zhamantai (zhaman ni mbaya). Hayakuwa majina ya watumwa wala ya watoto waliochukiwa. Tezek töre, wa karne ya 19, alikuwa sultani wa ukoo wa Chinggis Khan.

Mantiki yake ni hii. Katika familia iliyozika watoto wawili watatu mfululizo, iliaminika kwamba kuna nguvu mbaya au jicho linalowafuata watoto wake. Jina zuri lingekuwa tangazo kwamba hapa kuna kitu cha thamani. Jina la mbwa au la kinyesi linasema hapa hakuna kitu, pita. Ukubwa wa tusi ulilingana na ukubwa wa hofu, na anayesoma nasaba akikuta jina baya katikati ya majina mazuri anapaswa kushuku kwamba kabla yake kulikuwa na makaburi madogo.

Njia ya pili haikuwa kuhadaa bali kuamuru au kusihi. Tursyn ni "na abaki", Toqtasyn "na atulie hapa, asiende", Toqtar "atatulia", Turar "atasimama, atadumu", Ölmes "hafi". Majina haya ni vitenzi kamili, tena vyenye hali yake: kiambishi -syn ni cha kuomba au kuamuru nafsi ya tatu, kama "na a-" yetu. Ndiyo sababu Tursyn hawezi kutafsiriwa kwa nomino. Tursyn hutumika kwa wavulana na wasichana, na huzaa Tursynbek na Tursynkhan. Turar limebaki kwenye historia kupitia Turar Rysqulov, mwanasiasa wa enzi za Kisovieti aliyeuawa mwaka 1938.

Njia ya tatu ilikuwa biashara. Mtoto alitolewa nje ya hema mara baada ya kuzaliwa, akapewa mtu mwingine, kisha wazazi "wakamnunua" kwa malipo kidogo kana kwamba ni wa watu baki. Mauti yanayomtafuta mtoto wa nyumba ile yasimkute, maana aliyepo ni bidhaa iliyonunuliwa. Huyo aliitwa Satybaldy, yaani "amemnunua". Jirani yake ni Tölegen, "amelipa", jina la mtoto aliyekuja kama fidia ya aliyeondoka.

Mtoto aliyepatikana kwa dua ndefu alipewa jina lenye -bergen au -berdi, "ametoa, amepa": Qudaibergen, Tileuberdi (ombi limejibiwa). Amangeldi ni "amekuja salama", na aliyelibeba kwa umaarufu zaidi ni Amangeldi Imanov, kiongozi wa uasi wa mwaka 1916 dhidi ya amri ya tsar, mfalme wa Urusi, ya kuwakusanya watu wa Asia ya Kati kwa kazi za nyuma ya mstari wa vita.

Wasichana walibeba ujumbe wa aina nyingine, na haufurahishi. Familia yenye mabinti mfululizo ilimpa wa mwisho jina linaloomba kaka: Ulbolsyn (na awe mvulana), Ulzhalghas (mvulana afuate), Ultughan (mvulana amezaliwa). Zhangyl ni "kosea", likimaanisha mfululizo wa mabinti ukosee njia. Tofauti na Itbai ni kubwa: Itbai linamkinga mwenye jina, Ulbolsyn linamtumia mwenye jina kumwombea mwingine ambaye hajazaliwa. Wanawake wenye majina haya wapo leo, wasomi na wakurugenzi miongoni mwao. Wengine huyafupisha kuwa Ulya au Bolsyn, na wengine huyabadilisha rasmi. Sheria ya Kazakistani inamruhusu mtu kuomba mabadiliko ya jina mwenyewe akifika miaka 16.

Siku ya kupewa jina

Jadi haiwapi wazazi kazi ya kuchagua. Anayetoa jina ni babu, au mzee wa heshima ambaye familia ingependa mtoto afanane naye kwa maisha yake. Wazazi wa leo mijini huchagua wenyewe, kisha wanampa mzee alitangaze, na heshima inakuwa imelindwa.

Siku haina kanuni moja. Usiku wa kwanza hadi wa tatu kuna shildekhana, mkesha wa nyimbo na nyama ambao shabaha yake ya zamani ilikuwa kumlinda mchanga asibaki gizani peke yake. Jina hutolewa karibu na hapo, siku ya tatu au ya saba, au siku ya kumlaza kwenye besik, kitanda cha mbao cha kubembelezea. Tendo lenyewe ni fupi. Mtoto anaelekezwa kibla. Imamu au mzee anaadhini kwenye sikio la kulia, anakimu kwenye la kushoto, kisha anainama sikioni na kutamka mara tatu: "Sening atyng Nurzhan", jina lako ni Nurzhan. Baada ya hapo viganja vyote vinafunguliwa kwa ajili ya bata, dua ya baraka anayoisoma mzee, na wote wanapangusa nyuso kwa kuitikia "äumin". Mtoa jina hupewa zawadi, mara nyingi shapan, joho la heshima. Waislamu wa pwani wataona kwamba adhana na ikama ni zile zile, na bata ndiyo yenye mila ya nyika ndani yake.

Karibu na siku ya arobaini mtoto anaoshwa kwa vijiko 40 vya maji kutoka kwenye bakuli lenye vitu vya fedha, pete au sarafu, ambavyo wanawake walioosha hugawana. Wavulana hufanyiwa kabla ya siku 40 kutimia, kwa kawaida ya 37 hadi 39, wasichana baada yake. Jina huwa limeshatolewa, ila ni baada ya siku hizi ndipo watu wa mbali hualikwa kumwona mwenye jina.

Jina lililotolewa kwa adhana na jina linaloitwa nyumbani mara nyingi hayakufanana, na historia ya fasihi ya Kikazaki imejaa ushahidi. Abai Qunanbaiuly (1845–1904), mshairi anayeheshimiwa kuliko wote, alipewa jina la Ibrahim. Abai, lenye maana ya mwangalifu, ni jina la kudekezwa alilopewa na bibi yake Zere. Shoqan Valikhanov (1835–1865), msafiri na mtaalamu wa mambo ya mila, aliitwa Muhammed-Qanapiya, na Shoqan ni la mama yake. Anayetafuta kumbukumbu za karne ya 19 kwa jina moja tu anaweza kumpita mtu anayemtafuta.

Yasiyotamkwa

Bibi harusi wa Kikazaki hakuruhusiwa kuwataja kwa jina baba mkwe, mama mkwe na ndugu wa mume, wakubwa kwa wadogo. Mwiko huu unaitwa at tergeu. Alilazimika kubuni majina yake: shemeji mdogo akawa Kenzhem (kitindamimba wangu), mwingine Shyraghym (taa yangu), mwingine mtundu akaitwa Tentek, yaani mtundu. Mara nyingi majina hayo ya mwali yalishika kuliko yale ya adhana.

Ugumu ulikuwa kwamba majina ya Kikazaki ni maneno ya kawaida. Ukikatazwa kumtaja Qoibai, unakwepa pia neno qoi, kondoo. Kuna hadithi wanayoijua Wakazaki wote ya mwali ambaye wakwe zake waliitwa Özenbai (mto), Qamysbai (matete), Qasqyrbai (mbwa mwitu), Qoibai (kondoo), Pyshaqbai (kisu) na Qairaqbai (kinoo). Alienda kuchota maji akaona mbwa mwitu anamla kondoo kwenye matete ng'ambo ya mto. Alirudi mbio akipiga kelele: "Ng'ambo ya kitiririkacho, upande huu wa kichakarishacho, mlia-uuu anamla mlia-mee! Kinoeni kikatacho kwa kinoacho, njooni upesi!" Wazee walimwelewa na kumsifu. Leo mwiko huo umelegea sana mijini, ila kumwita mkwe kwa jina tupu bado ni utovu wa adabu.

Wanaume saba nyuma yako

Kabla ya karne ya 19 Mkazaki wa kawaida hakuwa na jina la ukoo kwa maana ya hati. Alikuwa na zheti ata, mababa saba. Mtoto wa kiume alifundishwa kuwataja kwa mpangilio, na methali inasema asiyewajua mababa saba ni mtu asiye na asili: "Zheti atasyn bilmegen zhetesiz". Kwa Abai mlolongo unapanda hivi: Qunanbai, Öskenbai, Yrghyzbai, Aidos, Olzhai, na kuendelea. Hakuna jina linalojirudia kwa kila kizazi kama jina la ukoo la Kizungu. Kila mmoja ana lake, na mlolongo wenyewe ndio kitambulisho.

Kazi yake ya msingi ni ndoa. Watu wanaokutana kwenye babu mmoja ndani ya vizazi saba hawaoani, hata kama wanaishi umbali wa kilomita elfu na hawajawahi kuonana. Vijana wawili wakitambulishana, wazee huuliza ru, yaani ukoo mkubwa, kisha wanashuka kwenye majina. Jina la adhana peke yake halisaidii kitu hapa, kwa sababu kina Serik ni maelfu.

Karani na wino wake

Utawala wa Kirusi ulitaka jina la ukoo lisilobadilika, kwanza kwa maafisa na wanafunzi, kisha katika enzi ya Kisovieti kwa kila mtu. Karani alichukua jina la baba au la babu na kuongeza mkia wa Kirusi. Kanuni ya mkia inategemea herufi ya mwisho: konsonanti huchukua -ov (Auez, Auezov), jina linaloishia kwa -ai huchukua -ev (Nazarbai, Nazarbaev), irabu nyingine huweza kuchukua -in (Altynsary, Altynsarin). Mwanamke huongezewa a. Kisha linakuja jina la baba kwa -ovich au -evich kwa mwanamume, -ovna au -evna kwa mwanamke.

Tatizo lilizaliwa hapo hapo. Mwandishi Mukhtar Auezov (1897–1961) alikuwa mwana wa Omarkhan na mjukuu wa Auez, kwa hiyo alibeba la babu. Ybyrai Altynsarin (1841–1889), mwalimu aliyefungua shule za Kikazaki, alibeba la baba. Ndugu wawili walioandikishwa na makarani tofauti waliweza kuwa na majina ya ukoo tofauti maisha yao yote, na wajukuu zao wakadhani hawana uhusiano. Anayejenga nasaba kwa kutegemea majina ya ukoo pekee atakata matawi yasiyopaswa kukatwa. Njia salama ni kulinganisha jina la baba kwenye hati zote kwanza.

Enzi hiyo iliacha pia majina ya kisiasa. Mels ni herufi za kwanza za Marx, Engels, Lenin na Stalin. Telman ni Ernst Thälmann, mkomunisti wa Ujerumani, na ajabu ni kwamba jina lake liliwapendeza Wakazaki sana. Roza na Klara ni Rosa Luxemburg na Clara Zetkin. Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyeuawa mwaka 1793, alipokelewa kwa urahisi kwa kuwa linakaribiana na Murat. Sailau alizaliwa karibu na siku ya uchaguzi, Zhengis (ushindi) mara nyingi ni wa mwaka 1945 au baada yake. Desturi ya Boranbai na Zhumabai haikufa, ilibadilisha kalenda tu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1991 ulikuja mwelekeo wa kurudi, na amri ya rais ya mwaka 1996 ikaweka utaratibu wa Wakazaki kuandika majina bila mikia ya Kirusi. Leo kuna mitindo minne inayoishi pamoja, tena ndani ya familia moja: mkia wa Kirusi umebaki kama ulivyo (Aitbaev), mkia umekatwa (Aitbai), jina la babu limechukuliwa kama lilivyo (Qudaibergen), au jina la baba limeungwa na -uly, mwana wa, ama -qyzy, binti wa (Qanatuly, Qanatqyzy), na kukaa mahali pa jina la ukoo. Mtindo wa mwisho ndio unaoleta matatizo ofisini nje ya nchi. Kaka anaitwa Qanatuly, dada yake Qanatqyzy, na mfumo wa shule unawaona watu baki. Mke wa Qanatuly naye hawezi kuwa Qanatqyzy kwa sababu si binti wa Qanat, kwa hiyo hubaki na la kwao, na ombi la viza la familia huonekana kama la watu watatu wasiohusiana. Cheti cha ndoa na cha kuzaliwa ndivyo vinavyounganisha, si majina.

Lugha nayo ina mkono wake. Rais wa sasa kwa Kikazaki ni Qasym-Zhomart Kemeluly Toqaev, kwa Kirusi ni Kasym-Zhomart Kemelevich Tokaev, na kwa Kiingereza huandikwa Kassym-Jomart Tokayev. Mtu ni mmoja na zote ni sahihi. Wakazaki waliozaliwa China huwa na hali ngumu zaidi: jina hupitishwa kwenye herufi za Kichina kisha kwenye tahajia yake ya Kilatini, na Nurbek anatoka upande wa pili akiwa Nuerbieke. Mpango wa kuhamia herufi za Kilatini ulitangazwa kwa amri ya mwaka 2017, tahajia ikarekebishwa mwaka 2018, na hati za kila siku bado ni za Kikirili.

Kwa mhudumu wa hoteli Zanzibar au karani wa shule anayepokea wageni kutoka huko, mambo machache yanatosha. Nakili jina kutoka mistari ya Kilatini iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, si kutoka kadi ya biashara wala mtandao wa kijamii, ambako Zhandos hujiandika Jandos na Erlan hujiandika Yerlan. Usiongeze wala kuondoa a ya mwisho ili wanandoa wafanane. Ukiwa na hati ya ndani ya nchi, tafuta IIN, namba ya tarakimu 12 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Hiyo ndiyo mfumo wa Kazakistani unaitegemea kumtambua mtu.

Katika kumwita, heshima hufuata jina la kwanza, haifuati la ukoo: Qanat myrza ni Bwana Qanat, Aigul khanym ni Bibi Aigul. Katika mazingira rasmi zaidi huunganishwa na la baba, mfano Nursultan Äbishuly. Kijana anayemwita mtu mzima huongeza agha kwa mwanamume na apai kwa mwanamke. Wakishazoeana, jina la mkubwa hukatwa na kuvikwa mwisho wa heshima: Nursultan huwa Nureke, Qasym huwa Qaseke, Mukhtar huwa Muqa, na Dinmukhamed Qonaev (1912–1993), aliyeiongoza Kazakistani ya Kisovieti kwa miaka mingi, aliitwa Dimeke. Kifupisho cha upande wa pili, cha mkubwa kwa mdogo, ni -zhan, -tai au -sh, na ndicho kilichomfanya Dinmukhamed mwingine, yule wa Aqtöbe, kuwa Dimash. Mgeni asianze na -eke siku ya kwanza. Aanze na myrza, na asubiri mwenyeji amwelekeze.